Tenti Iliyogeuka Pinki

Kama hukuwa Sarang'ombe, huku Kibera, ile Jumamosi kibao cha kanisa kiliteremshwa, ulikosa, na hata ukisimuliwa mara kumi bado utakuwa umekosa.

Kibao chenyewe kilikuwa cha mbao, kikubwa kama mlango, kimeandikwa KANISA LA MOTO WA ASUBUHI, na kilikuwa kimening'inia mbele ya tenti tangu Oktoba, tenti iliposimamishwa kando ya kanisa la mabati. Maandishi yalikuwa yameanza kubanduka. Askofu Khamala akasema kitolewe kipakwe rangi upya, kwa sababu sikukuu ya kanisa ilikuwa imebaki wiki tatu na wageni walikuwa wanatoka Butere. Shivachi, mpiga ngoma wa kanisa, mwanaume mwenye mabega kama kabati, akapanda ngazi, akafungua kamba, akakitoa.

Watu wakainua macho wote pamoja.

Pale kibao kilikuwa, tenti ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya damu ya kuku, mraba mmoja saizi ya mlango. Kwingine kote, juu, kando, mpaka chini kwa vigingi, ilikuwa pinki. Pinki ya ulimi wa mtoto.

Na si ati iligeuka usiku mmoja. Watu walikuwa wameingia na kutoka hapo chini miezi mitano, lakini rangi ilikuwa inaenda polepole, vile nywele huenda kwa kichwa cha mwanaume. Mwenyewe anajua yuko sawa tu, mpaka siku atoe kofia.

Sasa, ingekuwa imegeuka njano, au hata kijani, labda watu wangecheka tu waendelee na maisha. Lakini pinki. Pinki ilikuwa ya watu wa Kawangware. Miaka minne nyuma, mwaka wa tisini na tatu, Mama Amolo alikosana na Askofu Khamala juu ya nani atashika microphone, akatoka na watu sitini, wakaenda kuomba kwa uwanja mmoja huko Kawangware karibu na Riruta. Haikupita mwaka mzima, Mama Amolo akatangaza ameonyeshwa kwa ndoto kwamba moto wa asubuhi kwa kweli si mwekundu, moto ukiwa mchanga ni pinki. Kutoka hapo watu wake wote wakaonekana na kanzu za pinki, na mtu wa Kibera akisikia neno hilo anatema mate kando.

Askofu aliangalia tenti, akaangalia mraba, akaangalia tenti tena. Halafu akageuza kichwa chote mpaka akampata Mideva, bibi ya Shivachi, amesimama huko nyuma na mtoto mgongoni. Mideva ndiye alikuwa fundi. Yeye ndiye alishona.

"Mama Isaac," Askofu akamwambia kwa upole, na ule upole ndio uliogopesha watu. "Amolo alikulipa ngapi?"

*

Mideva alijaribu kueleza. Akamkumbusha Askofu vile walienda mjini pamoja kununua kitambaa, na vile Askofu mwenyewe ndiye alichagua ile pamba, akaisugua kwa shavu, akalamba kidole akakipitisha juu yake, akaona rangi haitoki, akasema hii imepita mtihani. Lakini mtu akishaitwa jasusi, kila neno lake linakuwa la jasusi. Wazee wa kanisa walikaa dakika kumi nyuma ya choo cha kanisa, wakarudi na hukumu. Cherehani ya Mideva itakaa kanisani mpaka tenti irudi nyekundu. Sikukuu ikifika na tenti bado ni pinki, cherehani itauzwa wanunue kitambaa kingine.

Hiyo cherehani ilikuwa ya miguu, ya chuma, na ndiyo ilikuwa inalipa nyumba, unga, mafuta ya taa na maziwa ya Isaac. Shivachi alikuwa wa mjengo, leo yuko kazini, kesho hayuko, na tangu Krismasi kesho ilikuwa nyingi kuliko leo.

Wazee wanne walienda kuichukua, wakajaribu kuinua, wakashindwa. Mmoja akashika kiuno. Wakaangaliana. Halafu wakamwangalia Shivachi, kwa sababu katika kanisa lote hakuna mtu mwingine alikuwa na mgongo kama huo.

Na Shivachi akaibeba. Nakuambia alibeba cherehani ya bibi yake kwa bega kutoka nyumbani mpaka madhabahuni, Mideva akifuata nyuma na droo mkononi ili bobini zisimwagike, na majirani wamesimama milangoni wakisema pole, wengine wakiuliza mnahama? Ikawekwa kando ya madhabahu. Kufikia jioni, mama mmoja alikuwa ameitandikia kitambaa na kuweka juu yake maua ya plastiki.

Nyumbani, Mideva alishusha sufuria jikoni ndipo akaongea.

"Baba Isaac, wewe ndio ulibeba."

"Ningekataa wangeiangusha. Wale watu hawajui kubeba cherehani."

"Kwa hivyo ulinisaidia."

Shivachi alifikiria hilo jambo, ugali mkononi. Akasema, akijitetea, kwamba njiani hakuigonga mahali hata pamoja. Mideva akamwondolea mboga.

*

Jumatatu Mideva aliamka na mpango. Alikopa pipa kwa mama wa pombe ya busaa, akanunua pakiti kumi na mbili za rangi nyekundu, ile ya unga ya kuchemsha, akaenda Silanga kutafuta makaa. Huko karibu na dam kulikuwa na mzee anaitwa Obonyo, aliyekuwa anauza kwa debe na hapunji mtu.

Mzee Obonyo alipima debe ya kwanza, akapima ya pili. Alipoambiwa aongeze ya tatu, akaweka koleo chini.

"Nyathina, mtoto wangu, unachemsha ng'ombe?"

Mideva akacheka, halafu akaanza kulia, halafu akamwambia yote, kutoka kibao mpaka maua ya plastiki. Akatoa kipande cha kitambaa kilichobaki wakati wa kushona na ncha ya tenti yenyewe, ile aliyokata Jumamosi bila kuomba ruhusa. Mzee akavichukua na vidole vya makaa, akavisogeza karibu na jicho, na Mideva akaona uso wake ukibadilika. Ilikuwa kama mtu amesikia lugha ya kwao kwa nchi ya watu.

Kumbe kabla ya makaa Mzee Obonyo alikuwa mtu wa kiwanda cha nguo, upande wa rangi, miaka kumi na nane, mpaka mitumba ikajaa sokoni na kiwanda kikafungwa. Akaingia kibandani, akarudi na Biblia. Ndani ya Biblia, katikati ya gazeti kuukuu, kulikuwa na kadi imebandikwa vipande vinane vya sufu, vyote bluu.

"Hii walinipa nikiondoka," akasema. Halafu, kwa sababu alikuwa ameishika Biblia, akaongeza, "Niliichukua."

Akamweleza. Hizo bluu nane si ndugu, zinafanana tu. Namba moja jua likiipiga siku chache inakufa. Namba nane utazeeka ukiiangoja. Kiwandani, nguo ikitoka, ilikuwa inakatwa kipande, kinalazwa juani kando ya kadi, nusu yake imefunikwa na kadibodi. Baada ya siku unafunua. Unaangalia nusu iliyoliwa na nusu iliyojificha, halafu unaangalia ni bluu gani ilikufa pamoja nayo. Hiyo ndiyo namba ya nguo yako.

"Na yangu ni ngapi?"

Mzee aliweka kile kipande kando ya ile ncha, akavuta midomo. "Bila kupima siwezi kuapa. Lakini kwa vile naona, tatu. Mungu akiwa mkali, mbili. Hii ilitengenezewa pazia, mama. Wewe umeiweka nje ipigane."

Mideva akauliza kama akichemsha tena haitarudi. Mzee akasema itarudi, iwe nyekundu Jumapili mbili, na mtu akiegemea aondoke na sikio jekundu. Tena jua halikuwa limekula rangi peke yake, lilikuwa limekula na nguvu ya uzi. Akashika ile ncha, akavuta, ikaachana bila kelele kama chapati ya moto.

"Sikiza," akasema, akachuchumaa. "Ukipata ugali mweupe umwagie mchuzi juu, mtu wa mbali atasema ni mwekundu. Ukate. Ndani ni mweupe. Hiyo ndiyo nguo yako, uzi ulizaliwa mweupe ukavalishwa rangi. Jua linavua tu. Sasa chukua ugali wa wimbi. Kata mahali unataka. Ndani ni vile vile na nje. Nguo ya kukaa nje inatengenezwa hivyo. Uzi wake ni plastiki, inayeyushwa mpaka iwe uji, rangi inawekwa ikiwa bado ni uji, na dawa ya jua inawekwa hapo hapo, ndio inakamuliwa kwa vitundu vidogo vidogo itoke uzi. Sasa jua lianzie wapi? Litakula, jua hula kila kitu, lakini miaka kumi. Si miezi mitano."

"Hiyo nguo iko wapi, Mzee?"

Akamwambia kuna mtu Kawangware anaitwa Muigai, ananunua zile turubai za kivuli hoteli kubwa zikibadilisha. Akamrudishia pesa ya debe mbili. Ile moja akambakishia, apike chakula.

*

Mideva alienda Kawangware kwa miguu, Isaac mgongoni, jua likiwapiga wote wawili bila kuuliza namba. Muigai hakuwa. Alikuwa bibi yake, Ngina, ambaye zamani waliimba pamoja Kibera, mama mnene mwenye kicheko cha karibu, amekalia rundo la turubai, na amevaa kanzu ya pinki. Mideva akasimama mlangoni kidogo. Halafu akakumbuka cherehani, akaingia.

Turubai zenyewe zilikuwa za kweli. Alizishika akasikia tofauti. Ngina akamwonyesha moja iliyokuwa imekaa juu ya veranda ya hoteli miaka tisa, na kijani chake bado ni kile cha majani ya chai. Lakini bei, kwanza ilikuwa ya kumwambia mtu akiwa amekaa. Tena zote zilikuwa kijani, ama kijani na nyeupe.

"Nyekundu haijawahi kufika hapa," Ngina akasema. "Wazungu hawakalii chini ya nyekundu. Wanasema chai inakaa kama damu."

Basi ikawa imeisha. Mideva akageuka aende. Lakini fundi ni fundi, hata akiwa na machozi. Aliona pindo la kanzu ya Ngina limeachia upande mmoja, linaburuta vumbi, na mkono wake ukaenda kwa kola ya blauzi, mahali sindano hukaa.

"Hebu simama hivyo," akamwambia. Akapiga magoti, akakunjua pindo alipange vizuri.

Ndani ya pindo, kanzu ilikuwa nyekundu.

Si nyekundu kidogo. Damu ya kuku. Mstari wa vidole viwili, umezunguka kanzu yote, umejificha hapo tangu siku ulikunjwa. Na mshono alikuwa anaujua. Mwishoni ulikuwa umerudi nyuma mara tatu, vile mama yake alimfundisha huko Vihiga, na Nairobi nzima hakuna mtu mwingine alikuwa anapoteza uzi hivyo. Hii kanzu aliishona yeye, kabla ya watu kukosana, pamoja na zingine mia moja, wakati wote walikuwa wekundu.

Aliinua macho. Ngina hakuwa anacheka.

"Fundi, usiseme."

"Si Mama Amolo alisema mlishona mpya?"

"Na pesa ya nani?" Ngina akajiachilia akakaa juu ya turubai. "Tulitoka kwa Khamala na zile tulikuwa tumevaa. Nyinyi mlikuwa mnaomba ndani ya mabati, miaka hiyo yote. Sisi tulikuwa kwa uwanja, jua la asubuhi, jua la mchana. Zikaanza kwenda. Watoto wakaanza kutucheka barabarani. Hapo ndipo Mama aliota."

"Kweli aliota?"

"Aliota. Mtu akilala na aibu ataota nini?"

Wakaangaliana. Mideva ndiye alianza kucheka, kwa sababu ilibidi, na ndipo akamwambia kuhusu tenti. Ngina alicheka mpaka akashika ukuta. Mideva akamshonea pindo, nyekundu ikarudi ndani, akaapa hatasema. Kitu hakufikiria ni kumwapisha Ngina.

*

Siku ya sikukuu jua lilitoka kama limelipwa. Askofu Khamala alikuwa amefunika mbele ya tenti na leso nyekundu alizokopa kwa akina mama, na kwa haraka hakuna mtu alisoma maandishi. Kwa hivyo wageni wa Butere walikaa safu ya mbele wakiangalia leso imeandikwa JIRANI UKINICHUKIA UTACHOKA. Mnunuzi wa cherehani alikuwa ameshafika. Alikuwa amekaa kando ya madhabahu, ameshaondoa maua, anajaribu gurudumu na kidole. Mideva alikuwa anahesabu kila mzunguko.

Hapo ndipo wimbo ukasikika kutoka upande wa barabara. Watu wakageuka. Walikuwa wanakuja zaidi ya hamsini, wote pinki, Mama Amolo mbele na fimbo, mrefu, mkavu, anatembea kama mwenye shamba. Na kwa sababu wimbo ulikuwa ule ule wa zamani, mikono ya Shivachi ikaanza kuupigia ngoma kabla kichwa chake hakijajua. Askofu alimwangalia. Akaacha. Wimbo ukadoda. Akaanza tena.

Mama Amolo alisimama mbele ya tenti, akainua macho, akaona pinki yote juu ya zile leso, na uso wake ukafunguka.

"Ndugu Khamala, tumeambiwa na wewe umeonyeshwa. Tumekuja kukupokea."

Huko nyuma Ngina alikuwa anaangalia viatu vyake.

Askofu aliwageukia wageni wake. Wageni wa Butere walikuwa wanauliza huyu ni nani, na hii pinki ni nini. Akanyosha mkono mpaka kwa Mideva, akasema hakuonyeshwa kitu, ni huyu mwanamke aliyetumwa, na hiyo cherehani yake ichukuliwe sasa hivi. Mnunuzi akasimama, akakunja mikono ya shati.

Mideva hakuwa na mpango. Alikuwa na wembe, ule wa kukata uzi. Akaenda kwa ukingo wa tenti, akafumua pindo shibiri moja, akalikunjua mbele ya Askofu.

"Nilishona nyekundu, Askofu. Hii hapa. Ile ulilamba."

Askofu aliangalia nyekundu. Akaigusa. "Basi nani aliigeuza?"

Watu mia mbili walikuwa wanangoja. Mideva angesema neno moja tu, na angenyosha kidole kwa kanzu hamsini zilizosimama hapo, na Kawangware yote ingechekwa mpaka mwaka wa elfu mbili. Akamwona Ngina. Ngina alikuwa ameshika kanzu yake kwa magoti, kwa mikono yote miwili, kama mtu anavuka maji.

Mideva akapiga magoti mbele ya Mama Amolo.

"Mama, pindo lako limeachia. Wacha nikufungie. Askofu, nishikie hapa kidogo."

Na Askofu, bila kujua kwa nini, akainama akashika. Mama Amolo akainama kuona nani anamshika. Vichwa vitatu vikakutana hapo chini. Mideva akapitisha wembe, akakunjua kipande saizi ya kidole. Hakuna mtu mwingine aliona. Wale wa nyuma waliona tu viongozi wawili wameinamishana vichwa, mama mmoja akalia "Bwana asifiwe," akaanguka magoti, na kanisa lote likafuata, pamoja na Butere.

Askofu alinong'ona, "Amolo. Hii ni ile yangu."

"Ilikuwa yako," Mama Amolo akanong'ona. "Jua ni la nani?"

Askofu alitazama tenti, akatazama kanzu, na Mideva akaona akihesabu miaka ya uwanjani, jua la asubuhi, jua la mchana, na ile ndoto. Halafu, bila kuinua kichwa, "Fundi, nani mwingine anajua?"

"Askofu, mimi cherehani yangu ikiwa nyumbani nasahau haraka sana."

Halafu Mama Amolo, aliyekuwa hajaongea vizuri na yule mwanaume miaka minne, akasema, "Khamala, mpe mama kitu chake."

*

Kilichotangazwa siku hiyo ni kwamba moto wa asubuhi una rangi mbili na zote ni za Mungu, na kwamba cherehani ilikuwa imeletwa madhabahuni kubarikiwa, na sasa imebarikiwa, irudi. Mnunuzi alipewa soda. Shivachi akaibeba tena, bega lile lile, njia ile ile, Mideva nyuma na droo. Majirani wakauliza mnarudi? Mlangoni Shivachi akaitua polepole, akapangusa na shati lake ubao wote mahali maua yalikaa, akasema haikugonga mahali. Siku hiyo alipewa mboga.

Tenti ilianza kuteremshwa kila Jumapili jioni na kuwekwa ndani, hilo Mideva alilitaka kwa mdomo wake na hakuna mzee alibisha. Na wiki mbili baadaye makanisa yote mawili yakaleta kazi. Kanzu sitini za pinki kwa Kawangware, kanzu sabini za pinki kwa Kibera, za siku za umoja, na kitambaa walikuwa wameshanunua, wamekisugua kwa mashavu.

Mideva alichukua kipande akakipeleka Silanga. Mzee Obonyo akapangusa vidole, akafungua Biblia, akakiweka kando ya zile bluu nane. Hakuhitaji muda.

"Mbili."

"Nilijua. Na Mzee, pinki ikienda, inakuwa nini?"

"Nyeupe."

"Wote?"

"Wote. Wa Kawangware watatangulia, hawana mabati."

Mideva akafikiria hilo, akakunja kile kipande, akakitia kwa blauzi.

"Basi watakutana huko," akasema. "Nipimie makaa ya pasi, Mzee. Debe moja tu."